Hotuba ya Bingwa wa Vipimo Juu ya Mita, Futi na Mkono wa Mwanadamu

Waheshimiwa mabwana na mabibi, mashekhe na walimu, wafanya biashara wa sokoni, na ninyi vijana mlioketi karibu na mlango kwa sababu mnazozijua wenyewe: nawashukuru kwa heshima mliyonitunukia, ingawa insafu yanilazimu kusema kwamba hamkuwa na mtu mwingine wa kumtunukia, kwani katika ilimu hii tukufu ya vipimo na mizani, tangu Lamu hata Kilwa, nimemtafuta wa kulingana nami kwa bidii kubwa, mimi mwenyewe nikiwa ndiye mtafutaji, na ndiye shahidi, na ndiye kadhi, wala sikumpata.

Mas'ala yaliyotukusanya ni ile hitilafu kongwe baina ya watu wa mita na watu wa futi, ambao kila kundi huwaona wenzao kuwa ni majahili; nami, baada ya tafakuri ndefu, nimeona kwamba katika jambo hilo makundi yote mawili yamesema kweli.

Nawatanguliza Wafaransa, kwa kuwa ndio walioanza fujo. Mwaka 1791, kwa kuwa mapinduzi peke yake hayakuwatosha, walikata shauri kwamba urefu usichukuliwe tena katika unyayo wa mfalme yeyote, bali katika dunia yenyewe: mita iwe sehemu moja katika sehemu milioni 10 za masafa yaliyo baina ya ncha ya kaskazini na ikweta. Wakawatuma wanazuoni wawili, Delambre na Méchain, wapime ardhi kutoka Dunkirk hata Barcelona, nao wakahangaika kwa miaka ipatayo saba, katikati ya vita, wakishukiwa ujasusi kwa kupanda minarani na vyombo vyao vya kutazamia. Mwaka 1799 ukatolewa ufito wa platinamu, ndio mita. Na baadaye, dunia ilipopimwa vizuri zaidi, ikabainika kwamba ule ufito umepungua kiasi cha moja ya tano ya milimita. Je, waliurefusha? Hasha! Mita ikabaki kama ilivyo, na dunia ndiyo iliyohukumiwa kuwa imezidi. Tangu mwaka 1983 wamekwenda mbali zaidi, wakasema kwamba mita ni masafa yanayokatwa na nuru, mahali pasipo hewa wala kitu chochote, katika sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Jambo ambalo fundi cherehani wa Darajani, anapokata suruali za Idi usiku wa manane kwa umeme unaokatika kila mara, hana wasaa wa kulihakikisha.

Waingereza nao, waliovitungia vipimo vyao sheria mwaka 1824, wana inchi 12 katika futi, futi 3 katika yadi, yadi 1,760 katika maili, na wakia 16 katika ratili, hesabu ambayo mtoto haijui ila kwa bakora. Ningewasifu kwa ukaidi wao, lau si ile fedheha ya mwaka 1959, walipoafikiana na Wamarekani na wengineo kwamba yadi iwe mita 0.9144 kamili, pasi na ziada wala upungufu. Yaani futi, itembeayo barazani kifua mbele, hulishwa na mita.

Wamarekani, msiwalaumu kwa haraka kwa kung'ang'ania futi. Mwaka 1794 Ufaransa ilimtuma kwao mwanazuoni Joseph Dombey, naye amechukua vielelezo vya mita na kilo. Dhoruba ikamtupa katika visiwa vya Karibi, maharamia wakamkamata, akafia kifungoni Montserrat. Maharamia hao, ambao historia imewadharau bila ya haki, ndio watu pekee waliokutana na kilo wakaipima kwa thamani yake sokoni. Miaka 205 baadaye, mwezi Septemba 1999, Wamarekani hao hao wakapoteza chombo walichokipeleka Mirihi, kwa kuwa wahandisi wa upande mmoja walihesabu msukumo kwa ratili na wa upande wa pili wakadhani ni nyutoni. Lau wangalihesabu kwa dhiraa, wallahi chombo hicho kisingalipotea, kwa maana kisingaliondoka.

Hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha. Wazee wetu walikuwa na shibiri, na shibiri mbili zikawa mkono, ndio dhiraa, na mikono minne ikawa pima. Na dhiraa yenyewe ilikuwa kamili, hata ncha ya kidole, au konde, inayokomea kwenye ngumi, na kujua ni ipi iliyokusudiwa kulihitaji umri, busara, na aghalabu mashahidi wawili. Mwenye duka mwenye akili alimtuma shemeji mwenye mkono mrefu akanunue nguo, na dukani akamweka mpwawe mfupi auze. Nafaka ilikwenda kwa kibaba, vibaba viwili kisaga, vinne pishi. Na kibaba chenyewe kilikuwa cha mfuto, kilichopanguswa sawa na ukingo, au cha tele, kilichorundikwa hata kikamwagika. Watu wakibishana, wakijuana, wakioana. Nani amepata kuoana kwa sababu ya mililita?

Baadhi yenu mtadai kwamba mambo hayo yamekwisha, na kwamba serikali zetu zilichagua mita baada ya uhuru. Basi nendeni kwa muuza mbao mkamwombe mbili kwa nne kwa sentimita, mwone atakavyowatazama. Misumari ni ya inchi, shamba ni la ekari, kiwanja cha Nairobi ni hamsini kwa mia, na hiyo ni futi. Na gunia la mahindi la Kenya, lile la kilo 90, ni gunia la zamani la ratili 200 lililobadilishwa jina. Ama lumbesa ya Tanzania, gunia lililovikwa kilemba na kushonewa hapo hapo, mimi naliheshimu: hupigwa marufuku, nalo huzidi kunenepa.

Pendekezo langu, kwa hiyo, ni kwamba mkono wangu wa kuume, tangu kiwiko hata ncha ya kidole cha kati, ukalibiwe kwa platinamu na kuhifadhiwa Sèvres, karibu na Paris, ukashike cheo kilichobaki wazi tangu mwaka 2019, ilipostaafishwa ile kilo ya madini iliyokuwa kielelezo cha kilo zote, baada ya kuonekana kwamba haiwiani na nakala zake kwa mikrogramu 50 hivi. Mkono wangu hauna nakala ya kuuaibisha.

Limebaki dogo la ada. Katibu aliniahidi pishi mbili za mchele wa Mbeya, na ili kumpunguzia taabu nimekuja na kibaba changu, alichokuwa akinunulia babu yangu. Kile cha kuuzia nimekiacha nyumbani. Na pishi hizo, kama katibu atakavyokumbuka vizuri, ni za tele.