Sifa za Mnyoo Fundo

Ubwiriunga wa mikorosho umeheshimiwa vya kutosha. Kila msimu Newala huupokea kwa mifuko ya salfa, mabomba ya kupulizia na hotuba. Leo nimsifu asiyetengewa hata kijiko cha dawa: mnyoo fundo, mpenda kichanga, mkazi wa mizizi ya nyanya, kunde na njugu mawe za Chilangala.

Akitoka kwenye yai hafiki nusu milimita, na anakwenda kupambana na mmea usio mzembe hata kidogo. Mmea ukihisi mgeni hukaza kuta za seli zake, humwaga haidrojeni peroksaidi, hupiga mbiu kwa asidi ya salisiliki. Mwenye pupa angetoboa seli moja baada ya nyingine na kuamsha mji mzima. Huyu hupita katikati ya seli na seli, akiyeyusha taratibu gundi inayozishikanisha. Vimeng'enya vya kazi hiyo navyo si urithi wa babu zake. Wataalamu wanasema jeni zinazovitengeneza zilitoka kwa bakteria zamani sana. Silaha ya kuazima, na hajairudisha mpaka leo.

Akimwagiwa peroksaidi? Anayo protini ya kuivunja ikawa maji. Fikiria hilo, kwenye uwanda huu wa Wamakonde ambao akina mama wameteremka mabondeni vizazi na vizazi kutafuta ndoo moja: yeye anapata maji kutokana na sumu aliyorushiwa! Juu ya ngozi amejipaka protini nyingine inayonasa mafuta ambayo mmea ungeyatumia kutoa tahadhari. Na kwa sindano yake ya mdomoni hudunga seli kimeng'enya ambacho, inadhaniwa, huchepusha malighafi ya ile asidi ya mbiu.

Wamakonde wa kale walipanda uwandani wakajifunika kwa vichaka, wavamizi wasiwaone. Mnyoo fundo amewazidi maarifa: amejificha ndani ya mwili wa adui, na adui ndiye anayempikia. Seli chache alizozichagua huvimba, zikajaa viini vingi bila kugawanyika, zikawa jiko lake la kudumu. Jike hanyanyuki tena hapo. Spishi iliyozoeleka zaidi haina haja hata ya dume. Hakuna posa wala mahari, na mayai mamia hutoka salama yamefunikwa ute.

Mkulima naye humhifadhi bila kujua. Nyanya zikinyauka mchana na kuchangamka jioni, lawama huenda kwa jua, kwa mbolea, au kwa jicho la jirani. Akiona vinundu kwenye kunde hufurahi, akidhani ni vile vya bakteria wanaorutubisha udongo. Vya bakteria vingebanduka kwa kidole. Vya mheshimiwa wetu ni mzizi wenyewe uliovimba.

Katika miaka ya 1940 watafiti walianza kuhamisha jeni, ambayo sasa huitwa Mi, kutoka nyanya mwitu ya Peru kwenda kwenye nyanya za shambani. Ikimgundua mnyoo, mmea huua seli zake wenyewe pale alipoketi, naye akafa njaa. Tatizo ni moja: udongo ukipita nyuzi joto 28, jeni hiyo huishiwa nguvu. Na kwenye kichanga kisicho na kivuli, mwezi wa Novemba, nyuzi hizo hazisubiri adhana ya adhuhuri.