Namna ya Kumnyang'anya Bosi Ubao wa Kazi

Chagueni wiki ambayo bosi yuko likizo. Jira, programu ya kuendeshea ubao wa kazi, ikiwa na safu kumi na moja, kuanzia "Imepokelewa" hadi "Imeidhinishwa na Idara", hairekebishiki akiwa amesimama nyuma yenu. Fungueni mipangilio, mbakize safu nne: Bado, Inafanywa, Inakaguliwa, Imekwisha. Hizo nyingine ziliwekwa ili wakubwa waone kitu kinasogea. Wanaoandika programu hawakuwahi kuzihitaji.

Msiogope kwamba mnavunja skramu, ule utaratibu wa timu kufanya kazi kwa vipindi vifupi. Ken Schwaber na Jeff Sutherland, walioitambulisha mwaka 1995, hawakumlazimisha mtu kununua programu yoyote. Mwongozo wao wa 2020 unataka timu ndogo, kwa kawaida watu 10 au pungufu, sprinti, yaani kipindi kimoja cha kazi, isiyozidi mwezi mmoja, na kikao cha kila siku cha dakika 15. Jira ilitoka 2002 ikiwa ya kufuatilia hitilafu, ndiyo maana hadi leo inapenda kuwajazisha fomu. Nafasi za fomu zisizomfaidi mtu yeyote, zifuteni.

Nguvu zenu ziwekeni kwenye kadi. Kadi iliyoandikwa "Malipo: rekebisha" irudisheni kwa aliyeiandika, hata kama ni kiongozi wa timu. Andikeni: "Mteja akilipa kwa M-Pesa, mtandao ukakatika katikati, asikatwe mara mbili." Atakayeichukua Jumatatu asubuhi anajua aanzie wapi. Atakayekagua naye anajua la kufanya: alipe, azime data kabla jibu halijarudi, aiwashe, ajaribu tena, kisha aangalie salio. Sentensi moja ya namna hiyo inaokoa vikao vitatu, na mimi ningeitetea mbele ya mkurugenzi yeyote.

Kwenye zile dakika 15, acheni kumhoji mtu mmoja mmoja alifanya nini jana. Huo ni ushahidi wa mahakamani. Anzieni kulia kwa ubao, kwenye kadi iliyokaribia kwisha, muulize nani ataisukuma leo. Kama Inakaguliwa ina kadi tano zimelala, hakuna ruhusa ya kuvuta mpya kutoka Bado. Wawili waketi wazikague.

Bosi akirejea ataomba grafu ya kasi ili awalinganishe na timu ya jirani. Mkatalieni kwa adabu na kwa msimamo. Pointi zinazohesabiwa humo ni makadirio ya timu yenyewe ya ukubwa wa kila kadi. Zikigeuzwa kipimo cha bidii, kadi ya 3 itaitwa 8 na mteja hatapata kitu cha ziada. Mwalikeni kwenye mapitio ya sprinti, mumpe simu alipe mwenyewe.

Limebaki lile rundo la kadi za zamani. Ambayo haijaguswa mwaka mzima, ifuteni, ila mwenye bidhaa awepo, kwa kuwa orodha ile ni dhamana yake. Akishika kadi na kusema "hii tutaihitaji", muulizeni sprinti ipi.