Sindano Isiyo na Dawa

Huku Rumonge, Burundi, mgonjwa asiyechomwa sindano huondoka akinung'unika kwamba hakutibiwa. Basi na afurahi: siku hizi wataalamu wa fiziotherapia huchoma sindano nyembamba kwenye fundo la msuli, bila tone la dawa. Karel Lewit, daktari wa Prague, aliandika mwaka 1979 kuwa maumivu yaweza kutulizwa na sindano yenyewe, si dawa iliyomo. Kumbe sisi tuliodai kuchomwa hata kwa mafua tuliitangulia sayansi!

Nafuu ya sindano hiyo, hata hivyo, mara nyingi ni ya muda mfupi. Wataalamu wenyewe husisitiza mazoezi. Mazoezi? Mvuvi wetu huinua wavu wa ndagala usiku kucha. Waheshimiwa, kabla ya kumchoma bega, mnunulieni winchi.