Mhadhara Mkuu Kuhusu Uhuru, Uliotolewa na Mwenyekiti wa Chama Kidogo

Itifaki imezingatiwa. Kama kuna anayeona haikuzingatiwa, basi ajue niliiandika mwenyewe na jina langu liko namba moja.

Waheshimiwa wageni, ndugu wanachama, akina mama mliofika mkidhani leo ndiyo kicheni pati (ni kesho, ukumbi ni huuhuu), na ninyi vijana wawili mliokaa nyuma na miwani ya jua saa mbili usiku, ambao mmekataa kusaini daftari la mahudhurio: karibuni wote. Mimi ni Profesa. Cheo hiki sikupewa na chuo chochote, kwa kuwa vyuo vina mipaka na mimi nimebobea katika uhuru. Ni Mwenyekiti Mwanzilishi wa chama changu, na pia Katibu Mkuu wa muda tangu siku kilipozaliwa. Mada yangu ni jinsi chama kidogo kinavyoweza kumkomboa mwananchi na marufuku za serikali.

Tuanze na nadharia, maana bila nadharia hotuba inakuwa maneno tu. Mwananchi huru anasema, anakusanyika na anagombea. Serikali inamuuliza: una kibali? Nani asimame upande wa mwananchi? Chama tawala hakiwezi, vibali ni vyake. Chama kikuu cha upinzani nacho hakiaminiki sana, kwa sababu kinasubiri zamu yake ya kuvitoa. Kinabaki chama kidogo, ambacho hakina tumaini lolote la kutawala na hakina cha kupoteza isipokuwa kodi ya ofisi. Hili katika taaluma yangu linaitwa Kanuni ya Usafi wa Moyo Utokanao na Kukosa Kura. Andikeni.

Sasa historia. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi ikiwauliza Watanzania kama wanataka vyama vingi. Karibu wanane katika kila kumi wakajibu kwamba kimoja kinatosha. Tume ikapendekeza vyama vingi vilevile, na mwaka 1992 vikaja. Wapo wanaoshangaa. Mimi nasema hapo ndipo ilipo siri ya tabia yetu: uhuru tulipewa bila kuuomba, ndiyo maana mpaka leo tunautembelea kwa tahadhari, kama mtu aliyevaa suti ya kuazima.

Sheria ya Vyama vya Siasa iliyofungua mlango huo iliweka na kizingiti. Ukitaka usajili wa kudumu, uwe na wanachama 200 katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua kumi, na miwili kati ya hiyo iwe Zanzibar, mmoja Unguja na mwingine Pemba. Jumla 2,000. Yaani wewe uliyechoshwa na kuomba ruhusa serikalini, unaanza kwa kuwaomba ruhusa watu elfu mbili, halafu unakwenda kwa Msajili wa Vyama kumwomba athibitishe kwamba wamekuruhusu. Mimi niliwapata wote. Msiniulize vipi.

Kisha kuna uhakiki. Maofisa walipofika kukagua ofisi yetu katika mkoa mmoja ambao siutaji, walikuta bendera ya chama imefunika kreti za soda. Katibu wa mkoa, ambaye ni shemeji yangu, aliulizwa itikadi ya chama ni ipi. Akajibu bila kusita: "Jumla na rejareja." Wanachama wetu wengine wa mkoa huo walikuwa wameandikwa kwa mwandiko mmoja mzuri sana. Nilieleza kwamba umoja wa mwandiko ni dalili ya umoja wa fikra, na maofisa wakaandika kitu kirefu ambacho hawakunionyesha.

Mahasidi wanatuita vyama vya mfukoni. Sikatai. Muhuri wa chama upo hapa, mfuko wa ndani wa koti, mnauona? Mpini wa mbao, raba imelika upande wa kushoto, ukigonga barua neno "Taifa" halitokei vizuri. Lakini bila huo hakuna kikao, hakuna fomu, hakuna mgombea. Nalala nao. Nani mwingine katika nchi hii anaweza kusema chama chake hakijawahi kuibwa?

Nije sasa kwa mtu aliyenifanya niingie siasa, Mchungaji Christopher Mtikila. Hapa naomba mkae vizuri.

Chama chake cha DP kilinyimwa usajili kwa sababu alikataa kutafuta wanachama Zanzibar. Yeye alikuwa anaidai Tanganyika yake. Kwa hiyo hakuwa hata na chama kidogo. Alikuwa na chama ambacho kisheria hakipo! Mwaka 1993 akafungua kesi Mahakama Kuu, Dodoma, akilalamika juu ya mambo kadhaa, na mawili ndiyo yaliyobaki midomoni: kwa nini mtu aombe kibali kufanya mkutano wa hadhara, na kwa nini asiweze kugombea bila chama. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akampa yote mawili. Masharti ya kibali yanavunja Katiba. Mgombea binafsi ruksa.

Mnajua kilichofuata? Mwaka huohuo Bunge likabadilisha Katiba, mabadiliko ya 11, na kumfungia mgombea binafsi mlango uliofunguliwa na jaji. Kuhusu mikutano, kibali kiliondoka kweli. Siku hizi huombi. Unawapa polisi taarifa saa 48 kabla, nao wanakujibu kwamba taarifa wameipokea na mkutano wameuzuia. Wanasheria wanaona hakuna tofauti. Mimi naiona: zamani ulikuwa unakataliwa ukiwa mwombaji, sasa unakataliwa ukiwa mtoa taarifa.

Mchungaji hakuchoka. Mwaka 2006 alishinda tena Mahakama Kuu. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema jambo hilo ni la kisiasa, liamuliwe na Bunge, yaani na watu walioingia humo kwa tiketi za vyama. Ni sawa na... hapana, sitafananisha, kazi nzuri haihitaji mapambo. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo kwa bahati iko Arusha, hivyo nauli haikuwa kubwa. Juni 2013 mahakama hiyo ikaamua kwamba Tanzania imevunja haki zake na za wengine, na ikaiagiza irekebishe.

Ndugu zangu, pimeni. Mtu huyu aligombea urais mwaka 2005, DP ikiwa imeshasajiliwa, akapata chini ya nusu ya asilimia moja. Kwenye sanduku la kura alikuwa si kitu. Mahakamani aliitikisa Katiba mara tatu. Mimi nimejifunza kitu kimoja tu kutoka kwake, nacho ni kugombea urais. Mambo ya mahakama yana gharama.

Ni kweli pia kwamba mtetezi huyu wa uhuru aliwaita Watanzania wenye asili ya Asia "magabacholi" mbele ya umati, na umati ukashangilia. Nawaona mnanikazia macho. Suala hilo limo katika sura ya kumi na mbili ya kitabu changu, ambayo bado sijaiandika.

Vyama vingine vidogo vilipita njia laini zaidi. John Cheyo wa UDP aliwaahidi watu mapesa mwaka 1995 na jina la Bwana Mapesa likamganda. Hashim Rungwe wa CHAUMMA aliahidi ubwabwa kwenye kampeni za 2020. Wasomi wa mitaani wakacheka. Lakini niambieni, ni sera gani ya chama kikubwa mnayoikumbuka kutoka mwaka ule? Ubwabwa mnaukumbuka.

Turudi kwenye marufuku, maana nimeona kijana mmoja wa miwani ameanza kuandika. Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilipigwa marufuku, tukaambiwa tufanye kazi kwanza, siasa baadaye. Marufuku hiyo ilikaa hadi Januari 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipoiondoa. Chama changu kilitekeleza marufuku hiyo kwa asilimia mia, kama tulivyokuwa tukifanya hata kabla haijatangazwa. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kulipa zaidi ya shilingi milioni mbili ndipo aandike maoni yake. Mwaka huohuo sheria ya takwimu ikafanya kuwa kosa kutangaza takwimu zinazopingana na zile rasmi bila idhini, ingawa ililegezwa mwaka uliofuata. Ndiyo maana sisemi chama chetu kina wanachama wangapi. Na tangu 2019, anayetaka kukipa chama elimu ya uraia anatakiwa kumwarifu Msajili kwa maandishi siku 30 kabla. Kwa hiyo ieleweke, vijana, andikeni na hili: ninachokitoa hapa si elimu. Hakuna atakayetoka humu akiwa ameelimika.

Kuna wenzetu waliobuni mkakati wa kupambana na serikali kwa kuiunga mkono. TLP ya Augustine Mrema, mzee ambaye mwaka 1995 alijaza viwanja mpaka gari lake likasukumwa kwa mikono ya watu, mwaka 2020 haikusimamisha mgombea urais. Ilimuunga mkono Rais John Magufuli. Wakati ule ilikuwa fasheni, wabunge na madiwani wanahama usiku na asubuhi wanasema wameunga mkono juhudi. Mimi pia nilisubiri simu. Haikuja, na hapo ndipo msimamo wangu ulipozidi kuwa imara.

Mwaka 2025, Chadema ikiwa imeenguliwa kwa kutosaini kanuni za maadili ya uchaguzi, wagombea urais walikuwa 17. Vyama vidogo hatujawahi kujaa namna ile kwenye karatasi ya kura. Kinadharia ilikuwa ndiyo saa yetu. Rais akatangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 97, na wengine 16 wakagawana kilichobaki. Waliouawa siku ya kupiga kura na zilizofuata, wakati intaneti imezimwa, si wa kufanyiwa utani, na mimi mwenye maneno mengi sina la kuwaambia mama zao. Ila najua kwamba hakuna hata mmoja aliyetoka nyumbani kwa sababu ya ilani yangu.

Sasa mama mmoja hapa mbele amenyoosha mkono. Anauliza ndani ya chama chetu uchaguzi wa mwenyekiti utafanyika lini. Mama, swali zuri. Katiba yetu, Ibara ya nne, inasema mwanachama anayetaka kuuliza swali la namna hiyo alipeleke kwa Katibu Mkuu kwa maandishi, na Katibu Mkuu akiona linafaa atalifikisha kwa Mwenyekiti. Nimeshalipokea, nimejifikishia, na tumelikataa kwa kauli moja. Uhuru tunaoupigania ni wa nje. Wa ndani unaleta makundi. Mwaka jana tulikuwa na kijana machachari, anajua sheria, anajua kuandika, akataka muhuri ukae ofisini. Tumemfukuza. Nasikia anajiandaa kugombea udiwani na anatafuta chama cha kumdhamini, kwa sababu bila chama hawezi, na kwa kweli nilifurahi sana kuisikia sheria hiyo ikinifanyia kazi.

Ibara za 39 na 67 za Katiba bado zinadai kwamba mgombea urais na mgombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe na chama. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, na hukumu ya Arusha haijatekelezwa. Novemba 2019 Tanzania ilijiondoa kwenye tamko lililomruhusu mtu binafsi kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo. Kwa hiyo kijana wetu, hata akipata nauli ya Arusha, asihangaike.