Barua ya Wazi kwa Baraza la Mawaziri la TAZARA

Waheshimiwa Mawaziri wa Tanzania na Zambia,

Nawapongeza kwa ubanaji matumizi. Filta ya hewa haijanunuliwa, nozeli za mafuta zilizochakaa zimerudishwa zilikotoka, na karakana za Dar es Salaam na Mpika zimejifunza kuishi kwa kuchomoa spea kwenye kichwa cha treni kilichokufa ili kiuguze kingine. Fedha imeokolewa. Imetokea tu kwamba imepanda angani kama moshi mweusi, na moshi mweusi, waheshimiwa, ni dizeli iliyolipiwa ikakataa kuungua.

Ninachovutiwa nacho zaidi ni betri. Betri ikichoka, dereva mwenye akili hazimi injini, maana anajua haitawaka tena. Basi inanguruma stesheni usiku kucha, haivuti hata behewa moja, ikinywa zaidi ya lita kumi kwa saa. Asubuhi mhasibu anaandika "mafuta ya uendeshaji". Betri mpya angeiandika "matengenezo", na hilo, kama mjuavyo, ni fungu linalokatwa kwanza.

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakujua kwamba ukuta una zabuni, safari ya ukaguzi na utepe wa kukata. Nani amewahi kukata utepe mbele ya nozeli?

Reli ya TAZARA ya kilomita 1,860 ilijengwa ibebe tani milioni mbili kwa mwaka. Mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba chini ya tani laki moja. Na si kwamba vichwa vipya havikuletwa. Vya kwanza kutoka China vilihema kwenye mwinuko wa kutoka Mlimba hadi Makambako. Kuanzia 1983 vikaletwa vya dizeli-umeme vya muundo wa Kimarekani, vyenye nguvu kweli. Navyo vikazeeka, kwa sababu nguvu ya farasi 3,000 haijui kujibadilishia filta. Kichwa kipya bila karakana ni kichwa kibovu ambacho bado hakijafika tarehe yake.

Tena msiwalaumu madereva. Breki zinazong'ang'ania gurudumu na vipande vya njia vinavyowalazimisha kupunguza mwendo, kisha kuuchochea upya, vinakula mafuta hata mkono ukiwa mwepesi namna gani. (Fundi wa karakana angewaeleza haya bila kulipwa posho ya kikao, na labda ndiyo maana haalikwi.)

Kabla hamjasaini ununuzi mwingine, tengeni fungu la spea lisiloguswa. Halafu kila robo mwaka mtangaze lita zilizochomwa kwa kila tani 1,000 zilizosafirishwa kilomita moja, vichwa vinavyotunzwa Dar na vya Mpika vikiwa kila kundi na hesabu yake. Wenye malori yanayopanga foleni mpakani Tunduma wanazijua hesabu zao, na ndio waliobeba shaba iliyopaswa kubebwa na reli yenu.

Wenu katika uchumi wa moshi,
Mlipakodi