Saa Mbili ya Addis

Mstaarabu wetu katua Addis Ababa. Mwenyeji kamwambia, kwa Kiingereza, wakutane saa mbili. Yeye, kwa usomi wake, akajua ni mchana, akavuta shuka. Kumbe Waethiopia nao huhesabu saa tangu kucha, kama bibi yake kule Tanga! Mwenzake alikuwa mkahawani tangu asubuhi, kahawa imeshapoa. Watu wa saa moja, wakapotezana kwa lugha ya tatu.

Basi dogo la rangi ya buluu na nyeupe alilikataa, eti utingo anapiga kelele. Huyo ni mtu wa daladala za Mbagala, tafadhali.

Mezani akaagiza nyama. Ijumaa! Siku hiyo, kama Jumatano, Waorthodoksi hufunga nyama, maziwa na mayai. Likaja sinia la mkate wa injera, mchuzi wa shiro na dengu. Akaomba uma. Mla ugali kaomba uma! Mwenyeji akaviringisha tonge, akamlisha mwenyewe. Ndiyo gursha, heshima ya mgeni. Akapanua kinywa kama bwana harusi, simu juu, na picha ikafika Dar kabla tonge halijafika tumboni.