Sifa za Barua ya Muhula

Asifuye mvua imemnyea. Mimi naisifu barua ya kumteua mkufunzi wa muda, na sina haja ya kueleza nimelowa kiasi gani.

Nimetanguliwa katika kazi hii. Lukiano, aliyeandika kwa Kigiriki zama za Warumi, alimsifu nzi. Erasmus wa Rotterdam aliupandisha Upumbavu jukwaani ujisifu wenyewe, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1511. Hapa Moi's Bridge nzi tunao na upumbavu haujatuishia, lakini hao wawili wameshapata wa kuwasifu. Barua yangu bado.

Kwa asiyeijua, ni karatasi moja tu, nembo ya chuo juu, mhuri wa zambarau chini. Katikati inasema kwamba fulani ameteuliwa kufundisha saa kadhaa kwa wiki, muhula mmoja, kwa malipo ya saa, bila nyumba, bila bima, bila likizo, na asije akadhani uteuzi huu unaelekea popote. Chuo kinachoitoa ni cha ufundi, umbali wa nauli moja ya matatu kutoka hapa. Sitakitaja.

Fadhila zake ndogo nazipitia mbio. Ni nyepesi, haihitaji faili. Haikusumbui na habari za pensheni. Inakuepusha na migomo: wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma walipogoma siku 49 mwaka 2025 wakidai shilingi bilioni 7.9, nchi nzima ilijua. Mkufunzi wa muda akigoma, jina lake linafutwa kwenye ratiba, na kwa kuwa liliandikwa kwa penseli, hata karatasi haiharibiki. Inafundisha unyenyekevu pia. Wenzetu wa kudumu walitolewa Tume ya Huduma za Walimu mwaka 2018 wakawekwa chini ya Tume ya Utumishi wa Umma. Sisi tuko chini ya simu ya mkuu wa idara.

Lakini fadhila iliyonishikisha kalamu ni kuchelewa kwake.

Vitu duni huja kwa wakati: kengele, kodi ya nyumba, mwanafunzi mwenye swali gumu. Barua haina papara hiyo. Muhula unafunguliwa Januari, na Jumapili jioni simu inalia: "Mwalimu, kesho saa mbili uko na darasa la mabomba, ngazi ya nne. Barua tunaiandaa." Unaenda. Hapo ndipo unapoingia katika hali ambayo wanafalsafa hawajaipatia jina. Hujaajiriwa, na huna nafasi ya kutafuta ajira. Huwezi kufukuzwa, kwani nani alikuleta? Huwezi kuchelewa, kwa sababu hakuna maandishi yanayosema ulitakiwa ufike saa ngapi. Bomba likikuangukia mguuni, limemwangukia mgeni. Ukiingia stoo kuomba spana, mtunza stoo anafungua kitabu, anakutazama, kisha anaandika jina la mkuu wa idara. Januari inaisha, Februari inaisha, nawe unaendelea kufundisha kwa imani tupu, bila ushahidi wowote unaoonekana kwa macho. Kuna watawa waliokaa pangoni miaka mingi wakitafuta kujinasua hivi na mambo ya dunia. Sisi tunapewa bure, na watoto wetu pia wanapewa, wapende wasipende.

Dukani naulizwa, "Mwalimu, barua imetoka?" Najibu, "Bado, mama," na unga unaandikwa kwenye daftari. Hanisuti. Huku watu wanajua kungoja. Mwaka 2018 wakulima wa Uasin Gishu na Trans Nzoia walipiga kelele hadi Nairobi wakidai pesa za mahindi waliyokwisha kuyapeleka kwenye maghala ya serikali.

Kisha, karibu na mitihani, barua inatoka. Na tazama muujiza: tarehe yake ni ya mwanzoni mwa Januari! Imezeekea ofisini kwa heshima, wino bado mbichi. Tarehe ya mwisho wa uteuzi nayo ni ya Ijumaa hiyo hiyo. Barua imezaliwa asubuhi na kufikia jioni ni marehemu.

Ajabu ni kwamba tathmini haichelewi kamwe. Katikati ya muhula mkuu wa idara anaingia na kukaa nyuma ya darasa. Anataka azimio la kazi, anataka andalio la somo, na simu yake inalia mara mbili. Wanafunzi nao wanagawiwa fomu yenye alama moja hadi tano. Swali la kwanza: Je, mkufunzi hufika kwa wakati? Mbele kidogo: Je, mkufunzi ana vifaa vya kutosha? Darasa langu lilikuwa na spana mbili za bomba, moja meno yamelika kiasi kwamba inateleza kwenye chuma kama kidole chenye mafuta. Wanafunzi, ambao ni waaminifu, waliweka mbili kati ya tano. Alama hiyo haikwenda stoo. Haikwenda ofisi ya ununuzi. Iliandikwa kwa jina langu, jina la mtu ambaye siku hiyo chuo kilikuwa hakijamwajiri.

Na kabla ya barua kuna vyeti. Mwenendo mwema, shilingi 1,050. Cheti cha kodi, cha bodi ya mikopo ya elimu ya juu, cha tume ya maadili na kupambana na ufisadi, na cha wanaotunza majina ya wasiolipa mikopo. Asili ya msururu huu ni Sura ya Sita ya Katiba ya 2010, inayohusu uongozi na maadili. Ni heshima kubwa: anayefundisha kufunga mfereji anachujwa kama gavana. Ila anayewania ugavana huidhinishwa akiwa na kesi kortini, na mimi naulizwa kwa nini nina mkopo wa simu usiolipwa. Usiolipwa! Nani hajalipa hapa? Aliyenidai cheti ndiye anayeshikilia pesa ambazo zingelipa mkopo huo.

Turudi kwenye sifa. Hapana, zingoje kidogo, nazo zizoee.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haitarajiwi kuisha ndani ya miezi mitatu, anastahili kuhesabiwa kama mwajiriwa wa mwezi na haki zake. Aliyebuni barua ya muhula alikisoma kifungu hicho vizuri kuliko sisi. Ndiyo maana barua hufa, likizo hupita, nyingine huzaliwa, na kila mara wewe ni mgeni mpya mahali unapojua hata bomba gani linavuja.

Uteuzi wenyewe hufanyika katika kikao cha idara, chini ya ajenda ya mwisho, Mengineyo, wakati chai imeshapoa. Aliyesifiwa na darasa lake anapata saa sita. Mpwa wa mtu anapata ishirini. Na zile fomu? Nilizipeleka mwenyewe kwa katibu wa idara, zimefungwa kwa kamba ya katani. Muhula uliofuata nilizikuta chini ya meza yake, fundo ni lile lile langu.

Ukiuliza, mkuu wa idara anakuelekeza kwa bodi ya chuo, bodi inakuelekeza wizarani, wizara inasema mgao wa fedha za wanafunzi haujafika kutoka Hazina. Huenda ni kweli. Serikali ilitaka chuo cha ufundi katika kila eneo bunge, ikahesabu majengo na wanafunzi kwa fahari, na walimu wengi ikawaachia vyuo. Lakini kuandika barua mwezi wa Januari hakuhitaji Hazina. Kunahitaji karatasi na mtu wa kutia sahihi. Barua inachelewa kwa sababu kuchelewa kunamfaa mtu. Asiyejua kama ameajiriwa hadai spana ya tatu. Hakatai kupandisha alama za mtoto wa mkubwa. Hacheki vibaya kikaoni. Mkuu wa idara analijua hili kuliko wote, maana naye alianza kwa barua ya muda.

Napendekeza basi muhula ujao fomu zigeuzwe, sisi tuwajazie wao. Hakuna haja ya kuchapisha mpya. Lile swali la kwanza, la kufika kwa wakati, linatosha, na kalamu tutakuja nazo wenyewe, maana stoo hazipo.